Shahada Yangu Ina Wenyewe



Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na Historia katika shule moja ya sekondari ya kata kisiwani Ukerewe, mkoani Mwanza. Nilihitimu Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino cha Tanzania, SAUT, pale Malimbe, Mwanza. Natoa ushuhuda huu kwa ajili ya vijana ambao kila mwaka wanavua joho na kuingia katika kipindi kirefu cha kungoja ajira, maana najua maswali wanayolala nayo. Nataka niwasimulie jinsi Mungu alivyonigeuza kwa kuwatumia watu wa kawaida kabisa, mpaka nikatambua kwamba shahada yangu ina wenyewe, na kwamba wenyewe hao wana haki ya kuidai.

Kauntabuku la mhazini

Nimezaliwa kijijini, wilaya ya Sengerema, ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza. Baba alifariki nikiwa shule ya msingi. Mama akabaki na watoto, jembe na kishamba cha mihogo. Nilipofaulu kwenda kidato cha kwanza, ada ya sekondari ya serikali ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka. Elimu bila ada ilikuja mwaka 2016, nami nilikuwa nimeshamaliza kidato cha nne. Kwa mwenye mshahara hizo ni fedha ndogo. Kwa mama zilimaanisha mwezi mzima wa kuhesabu chumvi, sabuni, mafuta ya taa na dawa za mdogo wangu. Na juu ya ada kulikuwa na sare, madaftari, mchango wa dawati na mchango wa mlinzi.

Waliotubeba ni majirani zetu wa jumuiya. Tangu miaka ya 1970 maaskofu wa Afrika Mashariki waliweka mkazo kwenye Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, ili Kanisa liishi nyumba kwa nyumba, majirani wakisali pamoja, wakisoma Neno na kuchukuliana mizigo. Kwetu zilikuwa kaya chache, tukikutana Jumamosi alfajiri kabla watu hawajaenda shamba. Baada ya sala mhazini alifungua kauntabuku na kuandika kila kilicholetwa kwa ajili ya watoto wasio na wa kuwasomesha: shilingi mia mbili, shilingi mia tano, kisado cha mahindi, debe la makopa, kuku mmoja. Akina mama wa WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, wa kigango chetu walilima mpunga kwa pamoja, na sehemu ya mavuno iliuzwa kwa ajili hiyohiyo.

Hivyo ndivyo nilivyosoma hadi kidato cha sita. Katika umri ule sikulifikiria sana lile kauntabuku. Niliziona juhudi zangu mwenyewe, usiku wa kusomea kibatari na alama nilizozipata, nikaamini kwamba matunda yake yatakuwa ya nyumba yetu. Nilimwahidi mama bati jipya na maji ya bomba uani.

Malimbe

Nilijiunga SAUT mwaka 2017 kusomea ualimu wa masomo ya sanaa. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilinipa sehemu ya ada na fedha ya kujikimu, lile bumu ambalo kila mwanafunzi hulingoja. Nilisomea ualimu huku macho yangu yakiwa Dar es Salaam, kwenye benki au shirika kubwa ambako shahada yoyote ingenifungulia mlango.

Mahali pale pana historia yake. Mwaka 1960, nchi ikiwa bado haijapata uhuru, Kanisa lilifungua hapo, eneo la Nyegezi, taasisi ya mafunzo ya jamii ili kuandaa watu wa kuihudumia nchi iliyokuwa inakuja. Mwaka 1998 Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania likaanzisha hapo chuo kikuu, mlango ukiwa wazi kwa watu wa dini zote. Katika darasa letu tulikaa Wakatoliki, Waislamu, Walutheri na Wasabato, tukiazimana vitabu na kulishana bumu lilipochelewa.

Kilichoanza kunitikisa ni kipindi kimoja cha maadili. Mhadhiri wetu, ambaye ni padre, aliingia, akatusalimu, akasema kila mmoja atoe karatasi aandike majina ya watu waliolipia kiti alichokikalia. Nikaandika mama. Nikaandika mhazini, kisha akina mama wa mpunga, mmoja baada ya mwingine kadiri nilivyowakumbuka. Padre akazunguka kati ya viti akiuliza maswali. Mkopo wako umetoka wapi? Kwa mvuvi, kwa muuza vitumbua, kwa dereva wa daladala, kwa kila anayenunua sabuni yenye kodi ndani yake. Jengo hili limejengwa na nani? Kwa sadaka za watu ambao wengi wao wamefariki bila kuingia chuo chochote. Nani alifagia ukumbi huu saa kumi na moja alfajiri? Upande wa kwanza wa karatasi ukajaa, nikageuza wa pili. Padre hakuzikusanya. Alituambia tuzitunze, na siku ya kuandika barua ya kwanza ya kuomba kazi tuzisome tena.

Ndipo nilipokutana upya na Mwalimu Nyerere. Alipohitimu Makerere mwaka 1945 alikwenda kufundisha St. Mary's, Tabora, shule ya wamisionari. Alipotoka Edinburgh alifundisha Pugu, hadi mwaka 1955 alipoacha kazi kwa ajili ya TANU. Mwaka 2005 Jimbo la Musoma lilianza mchakato wa kumwombea atangazwe mwenye heri, na leo anaitwa Mtumishi wa Mungu. Aliwahi kumfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu ya kwenda mbali kuwaletea wenzake msaada. Akila asirudi, amewasaliti. Maneno hayo nilikuwa nayajua tangu sekondari kwa ajili ya mtihani. Sasa niliyasoma nikiwa na karatasi ya majina mkononi, na kila jina lilikuwa na uso.

Jambo la tatu lilitokea Bugando. Sisi wanafunzi Wakatoliki wa TMCS tulikuwa tunakwenda kuwatembelea wagonjwa katika hospitali ile ya rufaa, iliyojengwa na Kanisa juu ya kilima na kufunguliwa mwaka 1971, ambayo inapokea wagonjwa wa Kanda ya Ziwa yote. Tuliwafulia wasio na ndugu, tuliwalisha, tulisali na waliotaka sala. Wodini nikamkuta mama kutoka Ukara, kisiwa kidogo kaskazini ya Ukerewe, akimuuguza mwanawe. Alinipa karatasi ya dawa nimsomee. Nikamsomea, nikamweleza kila dawa na saa yake.

"Unasomea nini, mwanangu?" akaniuliza.

"Ualimu, mama."

"Mungu akubariki. Kwetu walimu hawakai. Wanakuja, wakishatuzoea wanahama. Mimi sikujaliwa kusoma. Huyu naye, sijui."

Nilimshika mkono tu, maana sikuwa na la kumjibu. Lakini tangu siku hiyo, kila nilipoikazia macho Dar es Salaam, sauti ya yule mama ilinifuata.

Mahafali na Misa ya shukrani

Tulihitimu mwaka 2020, mwaka ambao vyuo vilifungwa kwa muda kwa sababu ya Korona tukarudi kumalizia. Mama alivuka Busisi kwa kivuko, maana daraja lilikuwa bado halijakamilika, akiwa na kitenge kipya na wawakilishi wa jumuiya. Tulipotamkwa kuwa tumetunukiwa shahada na kofia zikawekwa vichwani, vigelegele vilizagaa uwanja mzima. Ilikuwa siku ya furaha kamili na ninamshukuru Mungu kwa ajili yake.

Lakini mahafali yaliyobadilisha maisha yangu yalifanyika kijijini, baada ya Misa ya shukrani kigangoni kwetu. Watu walikuwa wamekaa chini ya mwembe, pilau imeshaliwa, nyimbo zimeimbwa. Mwenyekiti wa jumuiya, mzee wetu fundi baiskeli, akasimama na kumwita mhazini. Mhazini akaja na kauntabuku lile, kurasa zimegeuka rangi, akaanza kusoma. Kisado cha mahindi, kwa jina la bibi ambaye alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Shilingi mia mbili, kwa jina la kijana aliyekuwa anachunga ng'ombe wa watu na ambaye hakufika darasa la saba. Kuku, kwa jina la mjane aliyekuwa na watoto wengi kuliko mama. Alisoma kurasa chache tu, kwa sauti ya kawaida, na wenye majina walio hai walikuwepo pale wakinitazama kwa upendo. Nililia mbele za watu.

Kisha mzee akasema: "Binti yetu, fedha hizi hatuzidai. Hakuna atakayekuja kukugongea mlango. Tunachokudai ni mtoto wa mwenzetu. Kuna mtoto mahali fulani ana akili kama zako na hana watu kama sisi. Mtafute, umfundishe. Ukimfundisha huyo, sisi tumeshalipwa."

Watu wakaitikia amina. Usiku ule niliisoma tena karatasi ya Malimbe. Nilijua tayari visiwa ambavyo walimu hawakai.

Kisiwani

Ajira za walimu zilikuwa chache na waombaji wengi, kama mnavyojua wote mliopitia. Ndugu mmoja alinitafutia kazi ya dukani Dar es Salaam. Nilimshukuru kwa moyo wote, nikamweleza kwamba nimeamua kujitolea kufundisha wakati nikisubiri. Padre mlezi wetu wa chuo aliniunganisha na paroko huko Ukerewe, paroko akanipeleka kwa mkuu wa shule yenye upungufu wa walimu, na wazazi wakakubali kunichangia posho na chumba. Nikapanda meli ya kwenda Nansio, mji wa bandari wa Ukerewe.

Ukerewe ni kisiwa kikubwa cha Ziwa Victoria chenye watu wengi na ardhi ndogo. Wakerewe, Wajita na Wakara wanalima mihogo, wanapanda michungwa, na zaidi ya yote wanategemea ziwa. Watu wa huko walinipokea kama mtoto wao. Bibi niliyepanga kwake aliniletea sato wa kwanza kabla sijafungua sanduku.

Kisiwa nilifundishwa na daftari la mahudhurio. Kuna wiki ambazo wavulana wa kidato cha pili na cha tatu walijaa darasani, na wiki nyingine madawati yao yalibaki matupu. Wenzangu waliita utoro. Katekista wa kigango, mzee aliyekuwa mvuvi ujanani, ndiye aliyenifungua macho. "Mwalimu," aliniambia, "hilo daftari lisome pamoja na mwezi." Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Kunapokuwa na giza, taa huwavuta dagaa na mitumbwi yote huingia ziwani. Mbalamwezi ikijaa, taa hazina nguvu tena, wavuvi hupumzika na kushona nyavu. Wavulana wangu walikuwa wanakwenda na mwezi. Usiku walivuta nyavu na kukumba maji mtumbwini, alfajiri wakabeba ndoo za dagaa hadi kwenye vichanja vya kuanikia, na ujira waliolipwa ulikuwa ndio chakula cha mama na wadogo zao siku hiyo.

Nilipoelewa hivyo nilimwendea mkuu wa shule. Tukapanga majaribio na mada ngumu ziangukie wiki za mbalamwezi, na wiki za giza ziwe za marudio, pamoja na kipindi cha alasiri kwa waliokosa asubuhi. Kisha mimi, katekista na mwenyekiti wa kijiji tukashuka mwaloni kuongea na matajiri wa mitumbwi na viongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo. Baadhi yao walikuwa wazazi wa wanafunzi wetu. Tuliwaomba wasimpe mwanafunzi kazi usiku wa kuamkia siku ya shule. Wengine walikubali palepale. Wengine walituambia waziwazi kwamba mtoto akikosa kazi hapa ataipata mwalo wa pili. Tulirudi tena na tena. Mahudhurio yaliongezeka, na vijana kadhaa waliokuwa wameshahesabiwa kuwa wavuvi walikaa kwenye chumba cha mtihani wa kidato cha nne.

Ugumu mwingine ulikuwa lugha. Mtoto wa Ukerewe hukulia katika Kikerewe, Kijita au Kikara. Shule ya msingi ya serikali humfundisha karibu kila somo kwa Kiswahili. Akiingia kidato cha kwanza, masomo mengi yanageuka kuwa ya Kiingereza. Watoto waliokuwa wakijibu kwa kelele darasa la saba wanakaa kimya, na kimya hicho wengi hukidhania kuwa ni ujinga. Nilianza kuandaa kila somo la Historia mara mbili: kwanza hoja yenyewe waielewe, kisha maneno ya Kiingereza ya kuielezea, yaandikwe ubaoni, yatamkwe, yatungiwe sentensi, yasahihishwe mpaka yakae. Kazi hii inakula usiku. Kusahihisha madaftari ya darasa lenye wanafunzi zaidi ya 100 kunachosha mwili kweli. Lakini hapo ndipo nilipoelewa utumishi ni nini. Nilikuwa nimedhani kwamba kiini chake ni huruma. Huruma bila maandalizi ya somo haimsaidii mtoto kufaulu. Mtoto wa maskini anastahili mwalimu aliyejiandaa kuliko mtoto mwingine yeyote, kwa sababu akitoka darasani hana pengine pa kulipata somo lile.

Katika Kiswahili nilipata msaada kisiwani hapohapo. Niliwasimulia wanafunzi habari za Aniceti Kitereza, mwana wa Ukerewe aliyezaliwa mwaka 1896, akasomeshwa na wamisionari, akaishi na kufanya kazi Kagunguli. Aliandika kwa Kikerewe riwaya ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, akaimaliza mwaka 1945, akaingoja hadi mwaka 1980 ilipochapwa kwa Kiswahili chake mwenyewe. Alifariki mwaka uliofuata. Wengi walikuwa hawajui kwamba mtu wa kijiji cha jirani aliyahifadhi maisha ya mababu zao kwenye kitabu kinachosomwa vyuo vikuu. Nilimchukua Kitereza kuwa mwalimu wangu pia. Alipewa elimu na Kanisa, akaitumia kwa uvumilivu kwao Ukerewe, bila kuharakishwa na sifa.

Msichana aliyerudi

Kuna mwanafunzi mmoja ambaye lazima nimtaje, bila jina. Alikuwa kidato cha tatu, hodari wa insha, akaacha shule kwa ujauzito. Wakati huo mlango wa shule za serikali ulikuwa umefungwa kwa msichana wa namna hiyo. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu ya kujifungua wanaweza kurudi. Nilikuwa darasani niliposikia habari hiyo, na kipindi kilipokwisha nilikwenda moja kwa moja kwao.

Baba yake hakutaka kusikia. Alisema binti amekwisha kuiaibisha nyumba, na sasa mimi nataka aiaibishe na shule. Katekista alikuja nami mara ya pili. Hakuhubiri. Alikaa na yule baba, wakazungumza habari za mihogo na bei ya dagaa, na mwishoni akamwuliza: "Ndugu yangu, Yesu alipokataa kumhukumu yule mwanamke aliyefumaniwa, alimwambia akae alipoanguka?" Baba alinyamaza muda mrefu. Bibi wa yule msichana ndiye aliyemaliza shauri. Alisema mtoto mchanga atabaki naye, na mjukuu wake ataamka aende shule.

Alirudi. Wiki za kwanza alikaa nyuma peke yake, na nilizungumza na darasa zima kuhusu namna ya kumpokea mwenzao. Alimaliza kidato cha nne, akafaulu kiasi cha kuendelea, na leo anasomea ushonaji katika chuo cha ufundi stadi cha VETA huku mwanawe akikua salama kwa bibi. Anaponipigia simu ananiita madamu, kisha anacheka ananiita dada. Ninapomkumbuka huwaza maneno ya mzee wetu chini ya mwembe: mtoto mwenye akili asiye na watu. Watu wake walikuwepo, ila ilihitajika mtu wa kwenda kubisha hodi.

Gharama yake

Sitaki kijana anayesoma hapa adhani njia hii haina mawe. Posho ya wazazi ilitegemea dagaa, na dagaa wakikosekana nayo ilikosekana. Mama alikuwa na haki ya kutegemea kitu kutoka kwa mwanawe aliyesoma, na kwa muda mrefu nilimtumia kidogo sana. Watu wa ukoo walimwuliza kwa nini binti mwenye shahada anajitolea. Mama aliwajibu: "Yeye mwenyewe alisomeshwa na waliojitolea." Sijui kama nimewahi kupokea baraka kubwa kuliko jibu lile.

Malaria ilinilaza. Upweke nao ulikuwa mzito jioni, hasa nilipoona picha za wenzangu wa Malimbe kwenye ofisi za mjini. Nilijifunza kusali upya. Padre alifika kigangoni mara chache kwa mwezi, Jumapili nyingine ibada iliongozwa na katekista, na jumuiya ya mtaani ilinipokea kama ile ya kwetu Sengerema. Nilishika rozari, nilisoma sura ya 13 ya Injili ya Yohana, Bwana akiwa amejifunga kitambaa na kuosha miguu ya mitume. Nilitambua kwamba aliosha miguu ya kila mmoja, mguu kwa mguu, na kazi hiyo haiwezi kufanywa kwa haraka wala kwa mbali. Kusahihisha daftari moja baada ya jingine kukawa sala yangu.

Hatimaye nilipata ajira ya serikali, na kwa neema ya Mungu nikapangiwa Ukerewe hukohuko. Sasa nina mshahara, na nyumba ya mama imepata bati jipya. Kila mwezi asilimia 15 ya mshahara wangu wa msingi inakatwa kulipa mkopo wa chuo. Nasikia wenzangu wakilalamika, na ninawaelewa, maana maisha ni magumu. Kwangu makato yale ni furaha: kuna mtoto wa mkulima yuko chuoni leo anakula kwa fedha hiyo, kama mimi nilivyokula kwa fedha ya walionitangulia. Deni hilo siku moja litakwisha. Deni la kauntabuku nitalilipa maisha yangu yote, na ninaomba Mungu aniweke hai nilipe.

Neno kwa mnaohitimu

Wapendwa, siwaambii wote mpande meli ya Nansio. Nchi inahitaji wahasibu, waandishi wa habari, wanasheria, wauguzi na wafanyabiashara, na Kanisa halikujenga vyuo ili kila mhitimu awe mwalimu wa kijijini. Mhasibu anayekataa kusaini hesabu ya uongo anatumikia. Muuguzi anayemjibu mgonjwa kwa upole saa tisa usiku anatumikia. Mwandishi wa habari anayehakikisha jambo kabla ya kulitangaza anatumikia. Ninachowaomba ni kwamba kabla ya kuandika barua ya kuomba kazi mkae chini na karatasi, mwandike majina ya waliolipia viti vyenu, na mjiulize watu hao wangependa elimu hiyo ifanye nini.

Na wakati mnangoja ajira, msikae bure. Katika kila kata kuna shule yenye darasa lisilo na mwalimu wa somo fulani, kuna zahanati, kuna kigango chenye watoto wa kipaimara, kuna jirani ambaye mtoto wake anarudia darasa. Ongeeni na wazazi wenu kwa heshima na ukweli kuhusu mnachotaka kufanya, kwa sababu nao wamengoja. Kubalianeni mapema kuhusu chumba na chakula, maana anayejitolea naye anakula. Kisha fanyeni kazi hiyo kwa ubora uleule ambao mngeifanya kwa mshahara mkubwa.

Kwenu wazee wa jumuiya, akina mama wa WAWATA na wahazini wa makauntabuku: msidharau shilingi mia mbili zenu. Endeleeni kuziandika. Na mtoto wenu anapohitimu, msomeeni hadharani, kwa upendo, kama nilivyosomewa mimi. Mwambieni wazi mnachomdai, kwa kuwa kijana akijua anadaiwa nini na nani, anapata pa kuanzia.

 Mwaka huu kigango chetu cha Sengerema kinamsomesha binti mwingine yatima, na jina langu limo kwenye kauntabuku pamoja na majirani zangu wa zamani. Naombeni mumwombee binti huyo amalize vizuri, nasi tuliotangulia tusichoke kuchanga.